Nyumba ya jirani ikianza kuwa hatari: la kufanya Nairobi, hatua kwa hatua

Karibu kila mtaa wa Nairobi una nyumba ya aina hii. Geti limeliwa na kutu, nyasi zimefika dirishani, mabati yamelegea na kila upepo ukivuma yanapiga kelele usiku kucha. Ukuta wa nyuma umeanza kuinamia upande wako. Wapita njia wameona hakuna mwenyewe, wakaanza kutupa taka humo. Panya wamehamia, mbu wamefuata, na vijana usiowajua wanaruka ua saa nne usiku.

Mwongozo huu ni wa yule anayeishi ukuta kwa ukuta na nyumba hiyo. Nimeuandika kwa sababu naona majirani wema wakichoka bure. Wanalalamika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wanampigia chifu simu, wanamsimamisha mwakilishi wadi barabarani, na mwaka unaisha ukuta ukiwa vilevile. Malalamiko ya mdomo hayana umri katika jiji hili. Kinachosogeza mambo ni karatasi moja, yaani notisi ya maandishi kutoka kwa afisa wa kaunti, ikimtaka mwenye nyumba aondoe hatari kabla ya tarehe fulani. Unayofanya kabla ya notisi yawe ya kuitafuta, na unayofanya baadaye yawe ya kuhakikisha imetekelezwa.

Kwanza: tenganisha kinachoweza kuua na kinachoudhi

Zunguka upande wako wa mpaka, bila kuingia kwa jirani, ujiulize swali moja: kuna kitu hapa kinachoweza kumuua mtu leo usiku?

Waya wa stima uliolala chini au ulioning'inia juu ya mabati ni wa kushughulikiwa saa hiyohiyo. Usiuguse, usiusogeze kwa mti, na usimruhusu fundi wa mtaani "aukatie tu". Piga 97771, nambari ya dharura ya Kenya Power, ueleze mahali na uombe nambari ya ripoti. Shimo la choo au tangi la maji taka lililobaki wazi ni hivyohivyo. Mtoto anayefuata mpira hahitaji dakika mbili kutumbukia. Ukiona shimo wazi mahali ambapo watoto hufika, mwite mzee wa mtaa na majirani wawili siku hiyohiyo, mwombeni mwenye nyumba au anayemwakilisha ruhusa ya kulifunika, na kama hapatikani muende pamoja kwa naibu chifu. Moto ukizuka, au ukuta ukiangukia watu, piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199.

Ukuta unaoinama unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu huudharau. Kuta nyingi za mpakani hapa ni za mawe ya kuchonga, na mara nyingi zimejengwa bila nguzo za kutosha wala tundu za kupitishia maji. Mvua ikinyesha, udongo wa upande wa juu hulowa, huwa mzito, na kuusukuma ukuta. Ukuta wa namna hiyo haudondoki jiwe mojamoja. Huanguka wote kwa pamoja, na urefu wake wote hulala chini. Kwa hiyo ondoa watoto, gari, kamba ya nguo na jiko la nje kutoka eneo ambalo upana wake haupungui kimo cha ukuta, yaani urefu wake kwenda juu. Ukuta wa mita mbili na nusu unahitaji angalau mita mbili na nusu za nafasi tupu, na ukiongeza kidogo hutajuta. Fanya hivyo leo. Usingoje barua yoyote.

Paa za asbesto kwenye nyumba za zamani zina hatari isiyoonekana. Zikiwa nzima hazina shida kubwa. Zikivunjika, vumbi lake lina nyuzi nyembamba zinazoingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Usifagie vipande vikavu na usiwaruhusu watoto kuvichezea. Kuziondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Nyasi ndefu, takataka, mbu, panya na harufu havitakuua leo usiku. Ni kero halisi na sheria inazitambua, ila zina njia yake ya polepole. Ukizichanganya na ukuta unaoanguka katika malalamiko yaleyale, afisa atasoma kuhusu nyasi na kuisukuma faili chini ya nyingine.

Pili: kusanya ushahidi kabla hujamwambia mtu yeyote

Nunua daftari la kawaida. Andika tarehe, saa, ulichoona na aliyekuwapo. Piga picha ukiwa kwako au barabarani, ukisimama mahali palepale kila wiki ili mabadiliko yaonekane. Weka kitu kinachojulikana ukubwa kando ya ufa, kama sarafu au rula.

Nyufa zina lugha yake. Nyufa nyembamba za plasta zinazosambaa ovyo mara nyingi ni plasta tu. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya mawe, mpana juu kuliko chini, unaonyesha kwamba msingi unashuka upande mmoja. Jambo hili hutokea sana sehemu zenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kama Embakasi, Imara Daima na South C. Kule Westlands na Kileleshwa ambako udongo ni mwekundu, tatizo huwa zaidi maji yasiyo na pa kupita. Ikiwa ufa umefika kwenye ukuta wako mwenyewe, chora mstari wa penseli kwenye ncha yake, andika tarehe na upana, kisha rudi kila mwisho wa wiki. Ufa uliovuka mstari wa penseli unamshawishi mhandisi kuliko hotuba yoyote.

Mkiweza kuchanga, mlipeni mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, aandike ripoti fupi ya kurasa mbili. Sajili ya bodi iko wazi mtandaoni, na ni vizuri kuthibitisha jina lake kabla hujatoa pesa. Ripoti yenye saini na nambari ya usajili hubadilisha sauti ya maongezi yote yanayofuata.

Hapohapo hakikisha kwamba ukuta unaoulalamikia si wako. Kwenye mitaa iliyojengwa kwa mpango, kuta nyingi za mpakani ni za pande mbili, na gharama ya kuzitengeneza ni ya wote wawili. Tazama hati yako ya umiliki wa ardhi na ramani yake. Kama bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini, zimefukiwa, mpima ardhi mwenye leseni atazifukua. Ni aibu kumpeleka mtu kwa kaunti kwa ajili ya ukuta uliojengwa na baba yako.

Tatu: mjue mwenyewe

Hapa ndipo kazi hukwama, na ndipo ninapomwomba msomaji awe mvumilivu. Chukua Buruburu. Nyumba zake zilijengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, wakazichukua wafanyakazi vijana kwa mkopo. Waliozinunua wakiwa na miaka thelathini sasa ni wazee wa miaka themanini, au wametangulia. Mzee akifariki, mama hurudi mashambani. Watoto wako Nakuru, Doha na Minnesota. Mmoja anataka kuuza, mwingine anasema nyumba ya baba haiuzwi, wa tatu hapokei simu. Nyumba inabaki na kufuli, na kufuli linabaki miaka kumi. Mara nyingi nyuma ya nyumba iliyotelekezwa kuna msiba ambao haujakamilika. Ukilikumbuka hilo utaanza mazungumzo kwa sauti inayofaa.

Anza kwa mzee wa mtaa na kamati ya Nyumba Kumi, ile ya usalama wa majirani. Uliza waliokaa muda mrefu, mwenye duka la pembeni, na mchungaji au imamu wa karibu. Usipopata, fuata karatasi. Nambari ya ploti hupatikana kwenye ramani za Idara ya Upimaji wa Ardhi, Ruaraka, ukilinganisha na nambari ya ploti yako. Ukiwa nayo unaweza kuomba upekuzi rasmi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia hapahapa Nairobi, au uulize Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi, jinsi ya kuendelea kama rekodi za ploti hiyo hazijaingizwa. Idara ya kodi ya ardhi ya kaunti nayo ina jina ambalo hutumiwa madai.

Jina likiwa la marehemu, mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Maombi ya mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa na husomwa mtandaoni bila malipo. Tafuta kwa jina la marehemu. Tangazo litakupa majina ya walioomba usimamizi, na mara nyingi jina la wakili wao. Huyo wakili ni mlango mzuri sana, kwa sababu barua yako ikifika mezani kwake hawezi kusema baadaye kwamba familia haikujua.

Na usishangae ukigundua kwamba mwenye nyumba ni kaunti yenyewe. Mitaa ya zamani ya Eastlands kama Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho ni nyumba za kupangisha za kaunti. Huko malalamiko yanakwenda idara ya nyumba ya kaunti, na hatua ya kumtafuta mrithi haipo kabisa.

Nne: zungumza naye, halafu andika mlichozungumza

Enda mwenyewe kama yuko Nairobi. Enda mchana, na mtu mmoja anayeheshimika, bila umati. Kama yuko mbali, mtumie ujumbe wa heshima wenye picha. Mfano:

"Habari za siku nyingi, Mama Wairimu. Ni Baba Kevin, jirani wa upande wa kulia wa nyumba ya mzee. Natumai familia yote iko salama. Nakuandikia kuhusu ukuta wa nyuma. Umeinama upande wetu na watoto hupita hapo wakitoka shule. Nimekutumia picha za leo. Naomba tuongee wiki hii tuone la kufanya kabla mvua haijaanza. Niambie saa inayokufaa, nitakupigia."

Hakuna lawama humo, wala neno kuhusu nyasi, wala tisho la mahakama. Kuna hatari moja, sababu ya haraka, na ombi la siku. Mkikubaliana, mwandikie siku hiyohiyo: "Asante Mama Wairimu, kama tulivyoongea, fundi atakuja Jumamosi ya tarehe fulani." Ujumbe huo ndio ushahidi kwamba alijua.

Kuna jirani wa aina nyingine, ambaye hakuhama ila ameshindwa. Mjane wa miaka sabini na tano anayelala kwenye chumba kimoja kati ya vinne kwa sababu vingine vinavuja. Huyu usimwanzie na kaunti. Notisi haitampa pesa ya mabati, itamwongezea hofu. Tafuteni watoto wake, kanisa au msikiti wake, chama chake, na mumwombe naibu chifu awasiliane na maafisa wa ustawi wa jamii. Mtaa wa nyumba arobaini ukichanga kidogo kidogo unaweza kutegemeza ukuta na kusafisha ua kwa wikendi moja. Andikeni makubaliano mafupi ya nani amelipia nini, asaini yeye na shahidi wake, ili kesho asije mtu akadai mlikuwa mnamnyang'anya nyumba. Nafuu yake ni ya lazima, na heshima yake vilevile.

Mmiliki akisema yuko tayari kubomoa, mkumbushe kwamba ubomoaji nao unahitaji kibali cha kaunti. Nyundo za Jumapili bila kibali zimeangusha kuta kwa majirani.

Tano: andikia kaunti

Umempa muda wa haki, tuseme wiki mbili kwa kitu kisicho cha dharura, na hakuna lililofanyika. Sasa andika.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ndiyo silaha ya kwanza. Kifungu cha 115 kinakataza mtu yeyote kuacha kero katika ardhi au nyumba yake. Kifungu cha 118 kinaorodhesha kero hizo: nyumba iliyochakaa kiasi cha kuhatarisha afya, mitaro na vyoo vibovu, lundo la taka, na mengine mengi. Sheria hiyohiyo ina sehemu nzima kuhusu mbu, inayogusa maji yaliyotuama, makopo na chupa zilizotupwa uani, na vichaka. Kifungu cha 119 kinampa afisa uwezo wa kutoa notisi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kero ikitokana na ubovu wa jengo lenyewe, au nyumba ikiwa haina mtu, notisi hupelekwa kwa mwenye mali. Kwa hiyo jibu la "hakuna anayeishi hapo" si jibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kero za umma.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Ni lugha rasmi ya Jamhuri kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Barua iwe ya ukurasa mmoja:

Kwa Afisa wa Afya ya Umma,
Kaunti Ndogo ya ______, Kaunti ya Jiji la Nairobi.

KUH: OMBI LA UKAGUZI NA NOTISI, NYUMBA NAMBARI ____, MTAA WA ____

Mimi ni mkazi wa nyumba nambari ____, inayopakana na nyumba iliyotajwa. Nyumba hiyo haijakaliwa tangu ____. Ukuta wake wa nyuma, wenye urefu wa takriban mita ____, umeinama kuelekea uani kwangu ambako watoto ____ huishi. Aidha kuna tangi la maji taka lililo wazi, na maji yaliyotuama yanayozalisha mbu.

Tarehe ____ nilimjulisha mwenye nyumba au mwakilishi wake kwa maandishi. Hadi leo hakuna lililofanyika. Nimeambatisha picha zenye tarehe, nakala ya ujumbe huo, na saini za majirani ____.

Naomba nyumba ikaguliwe chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, vifungu vya 118 na 119, na mwenye nyumba apewe notisi ya kuondoa hatari hizi. Naomba pia nijulishwe kwa maandishi matokeo ya ukaguzi.

Wako mwaminifu, ____ (jina, simu, saini)

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nawe. Bila mhuri huo hujapeleka barua. Tuma nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa naibu chifu. Ikiwa jengo lenyewe linaweza kuporomoka, peleka nyingine kwa idara ya mipango na udhibiti wa majengo ya kaunti, ambayo hutumia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 kutoa notisi zake, na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Maji taka yakitoka kwenye bomba kuu la barabarani, hilo ni la kampuni ya maji ya Nairobi. Yakitoka kwenye tangi la ndani ya ploti, ni la mwenye ploti, na linarudi kwa afisa wa afya.

Wakati nao ni muhimu. Masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba. Barua ya ukuta ipelekwe Januari au Agosti, afisa akiwa bado na nafasi ya kuja na fundi akiwa na udongo mkavu wa kuchimbia. Ikifika Aprili, simu za mafuriko zimejaa ofisi zote.

Sita: siku ya ukaguzi

Uwepo. Mwonyeshe afisa mambo kwa mpangilio wa hatari, ukuta kwanza, shimo pili, nyasi mwisho. Mpe nakala za picha. Andika jina lake na cheo chake kwenye daftari. Usitoe "ya chai". Notisi iliyonunuliwa inaweza kununuliwa tena na upande wa pili, kwa bei ya juu zaidi. Muulize mambo matatu kabla hajaondoka: atatoa notisi lini, itampa mwenye nyumba siku ngapi, na nani atarudi kukagua siku hizo zikiisha.

Saba: fuatilia, kwa sababu notisi pekee haijawahi kushikilia jengo

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa la Huruma lililokuwa kando ya mto liliporomoka na kuua watu wapatao hamsini. Jengo hilo lilikuwa limeshatangazwa kuwa halifai. Wapangaji walikuwa bado ndani, na kodi ilikuwa bado inalipwa. Sitaki mtu asome mwongozo huu akadhani alama ya X ya rangi nyekundu, ambayo maafisa huchora kwenye ukuta wa jengo hatari, ni mwisho wa kazi. Kama wewe ndiye unayeishi ndani ya jengo lenye alama hiyo, hama kwanza, dai baadaye.

Muda wa notisi ukiisha na hakuna lililofanyika, andika barua ya pili, fupi, ukirejelea tarehe ya kwanza. Kifungu cha 120 cha Sheria ya Afya ya Umma kinataka mwenye mali aliyekaidi apelekwe mbele ya hakimu. Mahakama inaweza kumwamuru atekeleze, kumtoza faini, na kuiruhusu mamlaka ya afya ifanye kazi yenyewe kisha imdai gharama. Taja kifungu hicho katika barua.

Ukipigwa danadana, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika ombi, kwa Kiswahili au Kiingereza, ukitaka nakala ya ripoti ya ukaguzi na ya notisi. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Habari ikihusu uhai wa mtu, muda ni saa 48, na ukuta unaoinamia watoto unahusu uhai, kwa hiyo sema hivyo waziwazi katika aya ya kwanza. Nimeona ombi la namna hii likiamsha faili iliyolala kuliko ziara nyingi za kubembeleza. Ukinyimwa jibu, Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma na haitozi ada.

Nane: mahakama

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya.

Unapotaka hatari iondolewe, mahali pake ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Milimani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umeshaumia au kupata hasara. Unaweza kuomba amri ya dharura. Hapa wakili anasaidia sana. Asiye na uwezo ajaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likiwatetea wasio na uwezo tangu 1973. Daftari lako, mihuri na ripoti ya mhandisi ndivyo vitakavyopunguza kazi ya wakili, na kwa hiyo bili yake.

Unapotaka kulipwa, kwa mfano ukuta umeangukia gari au mti wake umevunja paa lako, na hasara haizidi shilingi milioni moja, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Peleka risiti, makadirio ya fundi, picha, na ule ujumbe wa heshima uliomtumia Mama Wairimu. Ndio utakaoonyesha kwamba alijulishwa mapema akanyamaza.

Usiyopaswa kufanya, hata ukichoka

Usiruke ua kwenda kufyeka au kubomoa mwenyewe. Kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa kunaweza kuwa kosa hata kama nia yako ilikuwa njema, na ukuta ukikuangukia ukiwa upande wake, hadithi yote imegeuka. Matawi yanayovuka mpaka unaweza kuyapunguza hadi usawa wa mpaka wako, ukimjulisha kwanza. Kuukata mti mzima kunahitaji kibali cha kaunti, hata kama ni mkaratusi unaoyumba juu ya paa lako. Usichome nyasi. Usimwage sumu ya panya mahali ambapo mbwa na watoto wa wengine hufika. Nyuki waachie wafugaji wa nyuki, na nyoka waachie KWS, shirika la wanyamapori.

Usiweke jina, picha ya uso au nambari ya simu ya mwenye nyumba kwenye makundi ya mtandaoni. Picha ya ukuta inatosha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna kesi za kuharibiana jina.

Ukishuku kwamba nyumba imekuwa maficho ya wezi, ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Usiende na vijana wa mtaa kuwafukuza. Mara kwa mara wanaolala humo ni familia isiyo na pa kwenda au watoto wa mitaani, na kundi lenye marungu usiku haliulizi kwanza. Wakiwa wamo watoto, mjulishe pia afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Kama wewe ni mpangaji

Haki ya kulalamika kwa afisa wa afya ni yako pia, kwa sababu sheria inamlinda anayeishi hapo, awe na hati ya umiliki au asiwe nayo. Mjulishe mwenye nyumba wako kwa maandishi, kwa sababu yeye ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya mpaka na ukuta wa pamoja, na ana mali ya kupoteza. Kwenye nyumba za ghorofa, ipitishe barua kwa shirika la wamiliki wa jengo ili isainiwe na wengi.

Kazi ikikamilika, ukuta ukajengwa au shimo likafunikwa, mwombe afisa arudi na aandike kwamba notisi imetekelezwa. Weka nakala kwenye faili pamoja na picha za mwisho. Nyumba itauzwa siku moja, na mmiliki mpya atataka kujua ukuta ulijengwa lini, na nani, na kwa kibali gani.